Barua Pepe ya Marehemu Kondo

Bi Hamida wa duka la pampu pale Mtoni hakuwa na mazoea ya kumtaja mzee Kondo kwa jina. Alimwita "mwenzangu". Ukipiga simu dukani kumuulizia, unaambiwa, "Mwenzangu kaenda kuswali, piga tena baadaye." Ukiingia na bomba lililopasuka, unasikia, "Ngoja mwenzangu aje, hayo ya mabomba anayajua yeye." Mgeni angedhani ni mtu na mumewe. Wala! Kondo alikuwa na mkewe, bi Nusaiba, na nyumba yake Mbagala, na bi Hamida alikuwa mjane wa siku nyingi ambaye ukimtajia habari za kuolewa anakutolea macho. Walikaa kaunta moja tangu duka likiwa la mzee Haiderali, baba yake Hasnain, bosi wa sasa. Kondo akiuza, Hamida akipokea hela na kuandika risiti. Basi, ni hivyo tu.

Mie naitwa Somoe, fundi wa kompyuta. Nazungukia maduka ya Barabara ya Kilwa, nawafufulia watu mashine zao, nawafungulia barua pepe, nawatolea virusi. Kazi yenyewe naipenda, wenye kompyuta ndio wananichosha. Mtu anakuapia "sijagusa kitu" na kidole bado kiko kwenye kitufe! Hasira zangu ziko karibu, kila mtu Mtoni anajua, na wiki ile ya duka la pampu kila siku nilipata mtu mpya wa kumkasirikia.

Mzee Kondo aliugua figo, akalazwa Mwananyamala, akafariki. Msiba ulijaa watu mpaka barabarani. Lakini pampu haziwezi kujiuza zenyewe, kwa hiyo siku chache baadaye Hasnain akamwajiri Eufrazia, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Eufrazia ni mtu wa Masasi, mama wa mtoto mmoja, na sauti yake nzito ukiisikia mara moja huisahau. Kabla ya hapo alikuwa akikatisha tiketi za mabasi kwenye stendi ya Mbezi Luis. Alikuja dukani akakuta kiti cha Kondo kiko wazi, akataka kukaa. Bi Hamida akamsogezea kigoda cha plastiki. "Kaa hapa, mwanangu," akamwambia, na hapo kwenye kigoda ndipo Eufrazia alipokaa wiki zote za mwanzo akijifunza majina ya bidhaa.

Wiki ya mwisho ya majaribio, Hasnain akataka Eufrazia aanze kuandikiana na wateja mwenyewe. Jumatatu akaniita. Duka lile linalipia akaunti tano tu za barua pepe, na zote zilikuwa na wenyewe: Hasnain, mkewe Tazim anayeshika mahesabu, bi Hamida, watu wa stoo, na marehemu Kondo.

"Mtoe Kondo, muweke Eufrazia," Hasnain akaniambia.

Nikafanya. Kazi ya muda wa kunywa chai. Nikafunga akaunti ya Kondo, nikafungua ya Eufrazia, nikamtumia ujumbe wa majaribio, ukaingia. Eufrazia akapiga makofi kama kashinda bahati nasibu. Bi Hamida alikuwa pembeni anafunga risiti kwa rababendi. Mie sikumuuliza kitu.

Jumanne asubuhi simu ikaita. "Dada Somoe, hii imeili yangu inanikatalia. Inasema sina ruhusa."

Nikaenda. Kweli, akaunti ya Eufrazia imefungwa, na ya Kondo iko hai, inapokea barua kama kawaida. Nikajiambia labda jana sikubonyeza mwisho vizuri. Nikamfunga tena Kondo, nikamfungua Eufrazia, nikaondoka.

Jumatano, yale yale. Aka! Sasa nikawaka. "Eufrazia, unagusa nini?"

"Sijagusa kitu, dada."

"Wote mnasemaga hivyo! Hii mashine ina wazimu, inaamka usiku inajifungia yenyewe?"

Nikambadilishia paswedi, nikamwonya asimpe mtu yeyote, hata malaika. Na wakati namwonya, kumbe mambo yalishaharibika. Mkandarasi mmoja wa Mkuranga alikuwa kamwandikia Eufrazia akitaka bei za pampu za visima, barua ikamrudia. Akampigia simu Hasnain na kumuuliza kama duka limefungwa.

Hasnain akaja kaunta. Yeye si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika sauti inashuka, mpaka inabidi umsogelee ndiyo umsikie. Bi Hamida hakuwepo, alikuwa ameenda benki.

"Eufrazia," akasema, "kabla hujaja wewe, hiki kitu hakikuwahi kuharibika. Majaribio yako yanaisha Jumamosi. Nataka mpaka Jumamosi nione mteja anakuandikia na wewe unamjibu. Nisipoona, tuachane kwa amani."

Eufrazia akaitikia, "Sawa, bosi." Tulipotoka nje, karibu na mama anayeuza maandazi, akashindwa kujizuia. "Dada Somoe, mie Mbezi nilishaaga. Kiti changu kimeshapata mtu, na nikipita pale ananiangalia kama nimekuja kumpokonya. Mwanangu Marietha nimemwambia mama kapata kazi ya ofisini, ya mkataba. Nikitolewa hapa namwambia nini? Kwamba mama alishindwa kufungua imeili?"

Nilimwonea huruma mpaka nikaona haya kwa vile nilivyomfokea. Nikamwambia, "Hutatolewa. Mie ndiye fundi hapa." Nilisema kwa sauti kubwa, lakini moyoni nilikuwa sijui hata pa kuanzia.

Alhamisi ikawa vile vile. Safari hii sikumgombeza mtu, nikakaa nikafungua kumbukumbu za mfumo. Barua pepe za biashara zina hiyo, zinaandika nani kaingia na nani kabadilisha nini. Nikasoma. Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, mtu alikuwa akimnyang'anya Eufrazia ruhusa na kumrudishia Kondo. Jina la huyo mtu: Hamida.

Nikashika kiuno. Mama wa watu, na ushungi wake, na tasbihi yake! Nikakumbuka kwamba mzee Haiderali enzi zake alimpa bi Hamida paswedi kuu ya duka, kama alivyompa funguo za mlango, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu. Nikapanga Ijumaa nimfumanie.

Ijumaa nikafika mapema kuliko yule mama wa maandazi. Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi. Bi Hamida alikuwa kwenye kompyuta, kanga begani, miwani puani, anaandika kwa kidole kimoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Eufrazia. Kiti cha Kondo kilikuwa pembeni, hakuna aliyekikalia.

"Shikamoo, bi Hamida."

"Marahaba, Somoe. Mbona mapema, kwema?"

"Nimekuja kumkamata mwizi."

"Mwizi wa nini tena, jamani?"

"Wa akaunti ya Eufrazia."

Nilitegemea akatae. Hakukataa. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Ndiyo inavyoitwa, wizi?" akauliza. "Na wewe ulichomfanyia mwenzangu Jumatatu kinaitwaje?"

Nikautua mkoba wangu wa vifaa kaunta.

"Siku ile ulipomfunga," akaendelea, "mzee mmoja wa Kilwa Kivinje alimwandikia Kondo kumjulia hali. Unajua mashine yako ilimjibu nini? Kwamba mtu huyu hajulikani. Hajulikani, Somoe! Kondo! Mzee wa watu akanipigia simu anauliza Kondo kafukuzwa kwa kosa gani. Ikabidi nimpe taarifa ya msiba kwenye simu, na yeye yuko sokoni."

"Lakini bi Hamida..."

"Ngoja nimalize. Pale makaburini ndugu zake walisimama wakasema, kama marehemu amemkosea mtu, amsamehe. Wa Mbagala walisikia, wakaitikia. Na wateja wake je? Wako Tunduru, wako Nachingwea, wako Mafia. Nani atawaambia? Mtu ameuza pampu umri wake wote, unadhani hajamuudhi mtu? Basi namwandikia mmoja mmoja. Namwambia Kondo hatunaye, na kama alikukosea, tafadhali msamehe."

Akageuza kioo nisome. Majibu yalikuwa mengi. Wa Tunduru alisema amesamehe, na kwamba Kondo alimdanganya rangi ya bomba tu, si kitu. Mama mmoja wa Mafia aliandika dua ndefu. Mwingine alisema yeye ndiye aliyemkosea Kondo, sasa radhi atamwomba nani. Nikasoma mpaka hasira zikaanza kuniponyoka, nami nikizing'ang'ania.

"Bado mmoja," akasema bi Hamida. "Cyprian wa Ndanda, yule mwenye bustani. Alinunua pampu, ikamfia, Kondo akamwambia kaichezea mwenyewe. Wakatukanana humu humu kwenye barua. Yule bwana akaandika hatamsamehe hapa duniani wala huko mbele. Nimemwandikia mara tatu, kimya. Na Kondo, nilipokwenda kumuona hospitali, maneno ya mwisho aliyoniambia si ya mkewe, si ya watoto. Kaniambia, 'Yule wa pampu, Hamida. Yule wa Ndanda.' Basi. Jumapili hii ni arobaini. Nitakwenda kumwambia nini Nusaiba?"

Yarabi. Lakini nilikuwa na la kwangu pia, na sikutaka kulimeza. "Na Eufrazia utamwambia nini? Kesho anafukuzwa kazi."

Bi Hamida akashtuka. "Nani kasema?"

"Hasnain. Jumatano, wewe ukiwa benki. Mteja kaandika, barua ikarudi, lawama zote kwake. Kesho ndiyo mwisho."

"Mtume!" Akaweka mkono kifuani. "Mie nilijua anasubiri tu. Nilisema mgeni hawezi kushindwa kungoja siku chache arobaini ipite. Nguo za marehemu hazijagawiwa, nyie mmeshagawa barua zake. Lakini kumfukuzisha mtu kazi, hapana. Hapana, Somoe."

"Mama, ungeniambia tu."

Ilikuwa sauti ya Eufrazia. Alikuwa mlangoni, na mkoba wake mkononi. Woga wa Jumamosi ulikuwa umemtoa nyumbani mapema. Alikuwa amesikia, sijui kuanzia wapi, lakini ya kutosha.

"Shikamoo, mama. Kwetu Masasi na sie tunasubiri arobaini. Baba yangu alipokufa baiskeli yake ilikaa ndani, hakuna aliyeigusa. Ungeniambia, ningemwomba bosi aniache nitumie karatasi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakujificha. "Mie nilidhani nina mkosi."

Bi Hamida akainuka kwenye kigoda. Nilidhani ataanza kujitetea. Akasema, "Nisamehe, mwanangu," na Eufrazia akasema, "Yameisha, mama."

Hapo nikakumbuka kwamba mie ni fundi. "Sikilizeni. Naweza kufanya barua zote zinazokuja kwa jina la Kondo ziingie kwa Eufrazia. Anuani ya Kondo inabaki, hakuna atakayeambiwa hajulikani. Za zamani nazihamishia kwako, bi Hamida, uzitunze. Akaunti zinabaki tano. Ni jambo dogo, ungeniuliza Jumatatu tungekuwa tumemaliza."

"Ulinipa nafasi ya kuuliza?" akajibu.

Yeye akamgeukia Eufrazia, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Za mwenzangu zikija, utazijibu? Na za wasiojua kwamba amekufa?"

"Nitazijibu, mama. Utanionesha unavyoandika."

"Basi anza na huyu," akasema, akamfungulia barua za Cyprian.

Wakati mie nabadilisha mambo kwenye mashine ya bosi, Eufrazia alisoma zile barua tatu za bi Hamida, na ugomvi wote wa nyuma. Kisha akacheka kidogo, kwa puani.

"Mama, umemwomba radhi mara tatu. Hujamuuliza pampu."

"Pampu ya nini? Mtu kafa!"

"Kule Mbezi, abiria kapotelewa na begi, ukimwambia samahani anakutukana mpaka bibi yako. Muulize begi lake lilikuwa na rangi gani, anatulia, anakaa kwenye benchi." Akavuta kibodi. Aliandika kwa anuani yake mwenyewe. Alisema yeye ni Eufrazia, mtu wa Masasi, kaajiriwa mahali pa marehemu mzee Kondo. Akamuuliza Cyprian pampu imefungwa kwenye kisima cha kina gani, inatoa maji kiasi gani, na bustani inaendeleaje. Habari za kusamehe hakuzigusa kabisa. Bi Hamida alisoma, akakunja uso, lakini hakuifuta.

Hasnain alipofika, bi Hamida alikwenda mwenyewe mezani kwake. Sie tulibaki kaunta tukijifanya tunahesabu koki.

"Hasnain, aliyekuwa anamfungia Eufrazia ni mie," akasema, na akaeleza yote, hakuficha kitu.

Hasnain akachezea funguo za gari. "Baba alipokufa," hatimaye akasema, "wewe na Kondo mlikizuia kile kiti chake mpaka arobaini yake ikapita. Hata mie hamkuniruhusu kukaa."

"Hatukukuruhusu."

"Ungeniambia, mama."

"Ulikuwa na haraka, baba."

Akakubali kwa kichwa. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akanyanyua sauti ili Eufrazia asikie. "Sawa, kosa si lake. Ila Jumamosi iko pale pale. Bado sijamwona akiandikiana na mteja hata mmoja."

Eufrazia alikuwa ameshampigia simu yule mkandarasi wa Mkuranga, akaambiwa keshanunua kwingine. Kwa hiyo aliyebaki alikuwa Cyprian, mtu ambaye hajajibu barua tatu.

Jumamosi sikuwa na kazi dukani pale, lakini miguu ilinipeleka yenyewe. Duka lao Jumamosi hufungwa mapema. Asubuhi yote ile kompyuta haikutoa mlio wowote. Eufrazia alipangua koki akazipanga tena. Bi Hamida alikuwa anavuta tasbihi chini ya kaunta. Hasnain alishaanza kuzima taa za stoo, na nilimwona Eufrazia anachukua kikombe chake cha chai, anakifuta, anakitia kwenye mkoba. Nikageuka nikaangalia barabarani.

Mashine ikalia.

"Cyprian," akasema Eufrazia.

Tukamzunguka wote, na Hasnain naye akarudi akasimama nyuma yetu. Eufrazia akasoma kwa ile sauti yake ya stendi. Barua ilikuwa ndefu. Kisima kina kina hiki, pampu inatoa maji robo saa inazima, ikizima inanuka moto, mchicha umekauka, nyanya zimekauka, mke anamcheka. Kisha chini kabisa akaandika:

"Mzee Kondo nilimsamehe siku ile ile niliyosikia kafa. Mie si mnyama. Sikujibu kwa sababu niliona mnataka msamaha tu, shida yangu hamuitaki. Mungu ampumzishe. Pampu bado mbovu."

Bi Hamida akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka akiwa ameshika kaunta, "Pampu bado mbovu! Eti pampu bado mbovu!", na machozi yakamtoka, kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akajifunika uso kwa kanga. Eufrazia akamshika mabega. Mie nilikuwa nafuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi.

Hasnain akakohoa. "Inazima kwa sababu ya joto. Hiyo ni koili ya mota imeungua, si kuchezea. Mwambie aitume hiyo pampu."

"Kuna basi la Masasi, kondakta wake namjua," Eufrazia akasema haraka. "Linapita Ndanda, litaishusha hapa hapa barabarani."

"Haya. Mjibu." Hasnain akachukua funguo zake akaelekea mlangoni. Alipofika kizingitini akageuka. "Jumatatu usichelewe. Tazim atakuwa na mkataba wako."

Eufrazia akatoa kikombe kwenye mkoba, akakirudisha mahali pake. Alipotaka kukaa amjibu Cyprian, bi Hamida akakivuta kigoda kwa mguu. "Kaa kwenye kiti," akamwambia. "Hicho kigoda kitakuvunja mgongo."

Jumapili tulikwenda Mbagala, kwenye arobaini. Kisomo kilisomwa, nguo za Kondo zikagawiwa kwa ndugu, pilau ikapakuliwa. Eufrazia alikuwa uani na wanawake wengine tangu asubuhi, kajitanda kanga, anaosha sahani. Baadaye bi Hamida akatuita mie na yeye, tukaingia chumbani kwa bi Nusaiba, ambaye bado alikuwa kwenye eda, kakaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe. Tukampa mkono, tukakaa. Bi Hamida akainama karibu naye.

"Wamesamehe, Nusaiba. Wote niliowaandikia."

Bi Nusaiba akamtazama. "Hata yule wa pampu?"

"Hata wa pampu. Kamalizana naye huyu hapa."

"Alhamdulillahi." Bi Nusaiba alifumba macho akakaa hivyo kidogo. Alipofumbua, akamwangalia Eufrazia, mikono yake bado ina povu la sabuni. "Na huyu ni nani?"

Bi Hamida akarekebisha kanga yake begani.

"Mwenzangu," akasema. "Mwenzangu wa kazini."

Bi Nusaiba akasogea kidogo kwenye mkeka, akampisha Eufrazia akae.